Kofi Nyuma ya Pazia

Nyuma ya pazia la msikiti wetu nilibaki mimi peke yangu, na mkeka wa kuwatosha wanawake wa mtaa mzima.

Zamani tulikuwa tunabanana pale. Mtoto wa huyu anamvuta yule ushungi, mwingine anakukanyaga kidole halafu anakuomba radhi baada ya salamu, mwingine kaja na mafua yake anapiga chafya mpaka mwisho. Nilikuwa nalalamika kila siku. Ee Mola wangu, mdomo huu! Ningejua yatakayokuja ningekaa kimya nikanyagwe vidole vyote.

Kilichotutawanya ni udiwani. Mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mwuza mbao, alitaka kuwa diwani wa mtaa, na imamu akapanda mimbari akasema Mwislamu asiyempa Mwenyekiti kura yake ameusaliti umma. Baada ya swala mwadhini wetu alisimama. Tunamwita Fundi Saa kwa sababu anatengeneza saa, na saa ya msikiti ni yeye aliyekuwa akiirekebisha. Alisema kupiga kura ni wajibu, na kila mtu ataulizwa kwa kura yake, lakini mtu achague mwadilifu kwa akili yake mwenyewe, mimbari isifanywe jukwaa la kampeni. Basi! Akaambiwa anavunja umoja. Akatukanwa ndani ya nyumba ya Mungu, na watu wazima wenye ndevu. Akachukua viatu vyake, wakamfuata waliomfuata, wakakodi ukumbi juu ya duka la rangi mtaa wa pili. Tangu siku hiyo Mwenyekiti hakuacha kuhubiri umoja, na kadiri alivyohubiri ndivyo safu zilivyopungua.

Wanawake waliwafuata waume zao. Wale ambao waume zao walibaki, nao wakachoka kuulizwa sokoni wako upande gani, wakaamua kuswali nyumbani. Mimi mume wangu alishatangulia mbele ya haki, na watoto sikujaliwa. Wa kumfuata sikuwa naye, ila imamu mwenyewe. Imamu ni mdogo wangu. Tumbo moja, mgongo mmoja, na mgongo wenyewe ni huu wangu, maana mama alikuwa mgonjwa na mimi ndiye niliyembeba. Mkewe alifariki, wanawe wako mbali. Katika dunia hii yeye ana mimi na mimi nina yeye, na nikimkosa huyo sina mwingine wa kuniita Dada.

Sasa sikilizeni nilivyoanza kuona mambo.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule nyumbani kwangu. Mdogo wangu alikuja na kitambaa cheupe nimshonee kanzu. Nikamshonea, akavaa, akapendeza. Siku chache baadaye akaja na kitambaa kingine cha aina ileile, akaniambia, "Dada, kanzu yangu imechakaa, nishonee mpya." Alikuwa ameivaa ile mpya! Nilidhani ananitania, nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamshonea ya pili, nikaitia mkono wa kushoto mshono tofauti ili nizijue, na moyoni nikawa na kitu kizito ambacho sikutaka kukipa jina.

Halafu ikaja ile alasiri.

Alasiri ni swala ya kimya, ya rakaa nne. Imamu hasomi kwa sauti, na mimi nyuma ya pazia simwoni. Nafuata takbira zake tu kwenye kipaza sauti, akisema nainama, akisema nainuka. Siku hiyo tukiwa rakaa ya tatu akakaa, akatoa salamu. Nikabaki hapo chini, shingo yangu haijui igeuke au isigeuke. Wanaume upande wa pili wakatoa salamu pamoja naye, wote. Sikusikia hata kikohozi.

Kila aliyepita madrasa anajua kwamba imamu akikosea haachwi. Mwanaume aliye nyuma yake anasema "Subhanallah" kwa sauti ya kusikika, na mwanamke anapiga kofi, kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto. Imamu anasikia, anajirekebisha, mnaendelea pamoja. Wala si aibu. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyekuwa akitufundisha hayo, na hakuwahi kumaliza somo bila kuongeza: ndivyo uongozi ulivyo, mnamfuata mtu, safu hamvunji, lakini akipotoka mnamwambia palepale. Hata khalifa wa kwanza, alikuwa akisema, alipokabidhiwa watu aliwaambia akikosea wamnyooshe.

Kwa hiyo nikajiambia, wewe mwanamke umezeeka, umepoteza hesabu. Wanaume wote wale hawawezi kukosea kwa pamoja. Ningekuwa na mwenzangu pembeni ningemtupia jicho, naye angenijibu kwa jicho, yakaisha. Nilitazama kulia, mkeka. Kushoto, mkeka. Sijawahi kuwa mpweke namna ile, hata siku nilipomzika mume wangu, maana siku ile angalau nilijua kilichotokea.

Nikasimama nikaimaliza rakaa yangu. Nilipotoka nilimkuta Mwenyekiti anavaa viatu.

"Mwenyekiti," nikamwuliza, "leo tumeswali rakaa ngapi?"

Akatazama huku na huku. "Bi Fundi, punguza sauti."

"Sauti yangu ndiyo hii niliyozaliwa nayo. Tumeswali ngapi?"

"Wenyewe tunajua," akasema kwa kunong'ona. "Kila mtu anairudia kwake kimya kimya. Si leo tu. Ni umri, ni uchovu. Uchaguzi ukishapita tutampumzisha kwa heshima zake. Lakini sasa hivi wale wa juu ya duka la rangi wakisikia, watasemaje? Tuulinde umoja, Bi Fundi."

Damu ilinichemka. "Umoja gani huo wa kumwacha mtu apotee mbele ya Mola wake, nanyi nyuma mmejitia hamnazo?"

"Wewe ni dada yake," akasema. "Unataka aaibike?"

Hapo alinipata. Kiatu kimoja kilikataa kuingia, nikaondoka nimekikanyaga kisigino, nikiwa na hasira naye na hasira na miguu yangu.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwa mdogo wangu. Nilimkuta barazani, nikamchemshia chai mwenyewe, nikakaa, nikapiga moyo konde.

"Mdogo wangu, leo alasiri umeswalisha rakaa tatu."

Akacheka. "Dada, unazeeka."

"Sizeeki. Na si mara ya kwanza. Mwenyekiti kaniambia mwenyewe."

Akaweka kikombe chini. "Sikiliza. Nyuma yangu kuna watu. Nimewafundisha mimi, wengine tangu hawajaota meno ya pili. Ningekosea wangesema. Wote wale wanyamaze? Kwa nini wanyamaze?"

"Kwa sababu wanakuhitaji kwa udiwani."

Alinitazama kwa macho makavu. "Dada, na wewe umeanza maneno ya Fundi Saa?"

Nilitaka kumpa vidonge vyake. Nilitaka kumwambia, wewe unanijibu hivyo mimi niliyekufuta makamasi? Lakini uso wake ulikuwa umejaa imani na watu wale, imani ya mtoto kabisa, nikashindwa. Nikaosha vikombe. Nilipokuwa nataka kutoka akaniuliza, "Na ile kanzu yangu, umeshaishona?"

"Umeivaa," nikamwambia, nikafunga mlango.

Ikafika Ijumaa ya mwisho kabla ya uchaguzi. Msikiti ulijaa, hata waliokuwa hawaonekani walionekana, maana Mwenyekiti alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Nyuma ya pazia? Mimi na mkeka. Mdogo wangu alipanda mimbari akasema yale aliyotakiwa kuyasema: kura zetu zisigawanyike, jina ni moja tu, anayekwenda kinyume ajue amejitoa kwenye kundi. Sauti yake ilikuwa nzuri kama kawaida. Ukimsikia hutadhani ana kasoro. Nilikaa namsikiliza na machozi yananitoka, kwa sababu nilijua hayo si maneno yake. Yangekuwa yake angetia mfano, angetia kichekesho, angewauliza watu swali. Huyu alikuwa anarudia kitu alicholishwa.

Swala ikasimama. Ijumaa ni rakaa mbili, na imamu husoma kwa sauti, kwa hiyo nilikuwa na nafuu. Rakaa ya kwanza akasoma vizuri sana. Tukasujudu. Akasema "Allahu Akbar," nikainuka nisimame, nikingoja asome Alhamdu ya rakaa ya pili.

Kimya.

Nikangoja. Kipaza sauti kilikuwa kinavuma peke yake. Nikajua amekaa. Amekaa kwenye kikao cha mwisho, na swala imefika nusu. Na kwa kimya kile nikajua wanaume wote wamekaa naye. Mwenyekiti yuko safu ya mbele, nyuma yake kabisa, angeweza hata kumgusa kisigino. Nilisema moyoni, semeni. Jamani, mmoja tu aseme. Neno moja la kumsifu Mungu, hamtapungukiwa na kitu!

Nikawaza pia mambo yangu, sitawaficha. Niliwaza nikipiga kofi hili mdogo wangu atavuliwa nguo mbele ya mtaa mzima, na atakayemvua ni mimi. Niliwaza atanichukia, nami nitazeeka sina wa kunibishia hodi. Nikainua mikono yangu. Hii ni mikono inayokata kitambaa kigumu tangu ujana.

Nikapiga.

Halikutoka vizuri, lilikuwa kofi la woga. Hakuna aliyejibu. Nikapiga la pili, kwa nguvu zangu zote, mpaka mgongo wa mkono ukawaka moto, na sauti ikaenda ikagonga ukuta wa mbele ikarudi.

Kipaza sauti kikachukua pumzi yake. Halafu, "Allahu Akbar." Akainuka. Nikawasikia wanaume nao wanainuka, magoti yanalia, mkeka unakwaruzika. Alisoma Alhamdu kwa sauti iliyokuwa inakatika, akamaliza rakaa, akasujudu sijda za kusahau, akatoa salamu.

Kisha akauliza, na kipaza sauti bado kiko wazi, "Nani amenikumbusha?"

"Mimi," nikasema nyuma ya pazia. Nilisema kwa sauti yangu ile niliyozaliwa nayo.

Hakunijibu mimi. Aliwageukia wao. "Na ninyi mlikuwa wapi?" Akangoja. "Ni mara ya kwanza hii?" Akangoja tena. Mtu fulani safu za nyuma, simjui mpaka leo, akasema pole pole, "Hapana, Imamu."

Nilisikia anavuta pumzi. Laiti pazia lile lingekuwa kioo, maana sijui uso wake ulikuwaje, na tangu hapo nauona mbele ya macho yangu kila siku. Akasema, "Basi yale niliyowaambia leo juu ya kura, yafuteni. Asiyejua yuko rakaa ya ngapi asiwachagulie mtu wa kuwaongoza. Amana hii ya uimamu nawarudishia." Nikasikia kipaza sauti kinawekwa chini, na hatua zake zinatoka.

Mnadhani watu walijifunza? Thubutu! Jumamosi nilikuta mlango wa kina mama umefungwa kwa kufuli, na mbao zimeegemezwa, mbao mpya kabisa za dukani kwa Mwenyekiti, na karatasi imebandikwa: Matengenezo. Sijaona fundi hata mmoja pale mpaka leo. Uchaguzi ulipita, Mwenyekiti akashindwa vibaya, lawama akanibebesha mimi. Kumbe kofi la bibi mmoja lina kura nyingi hivyo! Wateja wangu wengine wakahamisha sare zao kwa mafundi wengine. Wale waliokuwa wakimbusu mdogo wangu mkono kila Ijumaa, wakimwona njiani wanakumbuka wamesahau kitu nyumbani.

Hayo yote ningeyameza. Ambalo halikumezeka ni kwamba mdogo wangu naye hakuja. Nilimpelekea chakula, nikamkuta amefunga mlango, nikakiacha kizingitini. Siku aliyonifungulia alisimama palepale mlangoni, hakunikaribisha.

"Ungeniambia nyumbani, Dada," akasema. "Mimi na wewe. Si mbele ya watu."

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Hapa hapa barazani. Nilikuchemshia chai."

Nikaona anaitafuta ile jioni kwa kila alichonacho, na haipo. Hakuwa ananikasirikia tena, alikuwa anaogopa. "Uliniambia kweli?"

"Kweli kabisa. Ukaniambia nazeeka."

"Huo ni uongo, sikuwahi kukuambia unazeeka," akasema, na tukacheka wote wawili, halafu akalia, na mimi nikalia, tumesimama na chakula kinapoa.

Kesho yake wakati wa alasiri akabisha hodi kwangu. Alikuwa amevaa kanzu yenye mshono tofauti mkononi. Hakusema mengi. Nilisogeza cherehani ukutani, nikakunja vitambaa vya sare, nikatandika. Akasimama mbele, mimi nyuma yake. Alikosea, nikapiga kofi, akajirekebisha. Tukawa hivyo kila siku. Siku nyingine hakosei, nami nafurahi kama nimepewa zawadi. Siku nyingine napiga kofi mpaka najiuliza kama Mola haoni ni fujo. Nilikuwa nautazama mgongo wake, ule niliokuwa nauosha kwa maji ya vuguvugu, nikijua utafika wakati nitapiga kofi naye hatajua maana yake. Sikuwa na wa kumwambia hilo. Wanawake niliokuwa nabanana nao tulipishana sokoni, tukasalimiana, tukaulizana afya, basi.

Alasiri moja tukiwa tunajiandaa nikasikia hodi. Mlangoni alikuwa Fundi Saa. Viatu alikuwa ameshavivua, ameviweka pembeni. Tangu siku ile aliyotukanwa hakuwa amezungumza na mdogo wangu.

"Umekuja kutucheka?" nikamwuliza. Ndivyo nilivyo, naanza na ukali.

"Bi Fundi, nimekuja kuswali," akasema.

"Una ukumbi wako juu ya duka la rangi. Una watu wako."

"Ninao." Akatazama chini. "Watu wangu walipopata habari ya Imamu walitaka nitangaze kwamba tumeshinda. Niliwaambia hakuna ushindi hapo, kuna mgonjwa. Walininunia. Sasa nasema neno wanaitikia, nasema jingine wanaitikia. Wiki iliyopita nilisoma aya nikairuka nusu, Bi Fundi. Hakuna aliyesema."

Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Nilikuita mvunja umoja," akasema. Sikutegemea kwamba angekumbuka. Yale mengine yote yamefutika, hilo likabaki.

"Uliniita," akasema Fundi Saa.

"Nisamehe. Ingia uswalishe wewe. Mimi sizijui tena rakaa."

"Wewe ndiye imamu wangu," akasema Fundi Saa. "Tangulia. Za kuhesabu tutahesabu sisi."

Chumba changu ni kidogo. Wanaume wawili wakisimama pamoja, mmoja bega lake liko kwenye meza ya kukatia. Mdogo wangu akatangulia, Fundi Saa kuliani kwake, amerudi nyuma kidogo kwa adabu, na mimi nyuma yao, kisigino changu kinagusa cherehani. Ndio waliobaki hao, nilijiambia. Umma mzima umeingia kwenye chumba cha fundi nguo na bado nafasi ipo.

Rakaa ya kwanza salama, ya pili salama. Ya tatu, baada ya kusujudu, akakaa. Nikauona mgongo wake unatulia, umeridhika, unadhani umefika. Mkono wangu wa kulia ukanyanyuka wenyewe, umeshazoea.

"Subhanallah," akasema Fundi Saa.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anavyomwambia mtu kwamba saa yake imechelewa kidogo. Mdogo wangu akasema "Allahu Akbar," akainuka, na Fundi Saa akainuka naye.

Mimi nilichelewa kuinuka. Mkono wangu ulikuwa bado uko juu, nikaushusha.